Mzunguko wa Kumi wa Mwalimu Kasubi

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kwenda kuposa, bali zamani hii ya juzijuzi ambayo wenyewe bado wapo na wakinisikia watainamisha vichwa, palikuwa na mwalimu wa sekondari aliyeitwa Kasubi. Asubuhi alifundisha Jiografia, jioni alifundisha riadha, na filimbi haikumtoka shingoni hata akienda kanisani. Wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Wapo waliozikataa shule za karibu na kwao ili tu wakanyage uwanja wake wa vumbi.

Mwalimu huyo hakuwa na fimbo. Ukichelewa, mzunguko mmoja wa uwanja. Ukitukana, mitatu. Ukidanganya, kumi. Lakini hukukimbia peke yako. Mwalimu alivua viatu vyake vya darasani, akakunja suruali, akakimbia nawe bega kwa bega. Ukimuuliza yeye kakosa nini, alijibu, "Wewe si mwanafunzi wangu? Kimbia, usinichoshe kwa maswali."

Ikaja michezo ya mkoa, mbio za kupokezana vijiti. Asubuhi ya fainali mkimbiaji mmoja akashikwa na homa, Mwalimu akamkimbiza zahanati. Nyuma walibaki watatu tunaowasema leo: Kapaya na Msabila, wakimbiaji, na Nyamizi, kiranja wa michezo, msichana aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko shule nzima.

Kapaya akasema, "Binamu yangu yupo hapa. Alimaliza shule mwaka juzi, lakini nani atajua?" Akaenda kumwita. Nyamizi akachukua fomu ya mchezaji wa akiba, akamwandika binamu kuwa ni wa kidato cha tatu. Msimamizi akamtilia shaka yule kijana na ndevu zake, akamgeukia Msabila. "Huyu mnasoma naye?"

"Ndiyo, mzee. Bwenini kitanda chake kipo jirani na changu."

Mmoja alileta, mmoja aliandika, mmoja alishuhudia. Wakashinda. Mwalimu aliporudi alilia kwa furaha, akawakumbatia mmoja mmoja, na kila mmoja akakumbatiwa akiwa amefunga mdomo.

Mchezaji wa kuazima namna hiyo huitwa mamluki, na huyu hakufichika hata mwezi. Afisa michezo alikuja na fomu yake mkononi, akawaita Mwalimu na wale watatu ofisini. "Nani alimleta huyu mamluki?"

Nyamizi aliuona mwandiko wake pale mezani. Alijua Mwalimu ameutambua, maana alikuwa ameusahihisha miaka mitatu. Mwalimu akaitazama fomu. Akawatazama wao. Wao wakatazama viatu vyao. Basi akaweka kiganja juu ya ule mwandiko, akasema, "Timu ni yangu, mzee. Niandike mimi."

Akaandikwa. Kombe likarudishwa, Mwalimu akavuliwa ukocha, na kwenye faili la shule likawekwa neno: mdanganyifu.

Kesho yake, shule nzima ikiwa mstarini, Mwalimu Kasubi alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kukimbia peke yake. Mzunguko wa kwanza, akapunguza mwendo alipowafikia wale watatu. Hakuna aliyetoka. Wa pili, akapunguza tena. Hakuna aliyetoka. Wa tatu, wa nne, wa tano, kila akifika pale anapunguza, kila akifika pale hakuna anayetoka. Nyamizi alihesabu yote. Miguu yake ilikuwa mizima, nayo haikusogea. Mzunguko wa tisa ulipokwisha, Mwalimu alisimama mbele yao akihema, akaokota viatu, akaenda kufundisha.

"Amechoka," Kapaya alinong'ona. Kwa miaka ishirini na mitano waliendelea kuambiana hivyo, kwamba alichoka.

Kapaya akawa mkandarasi, Msabila daktari wa mifugo. Nyamizi, msicheke, akawa hakimu. Kila Krismasi alimpelekea Mwalimu sukari na mkewe kitenge, akiapa njiani kwamba safari hii atasema. Neno likifika kooni analisukuma kwa chai, kisha anaaga. Aibu ilimla mwanamke huyo mpaka akawa anaogopa filimbi ya askari wa barabarani.

Mwalimu akafa. Baada ya maziko watu walikusanyika shuleni, na mkuu wa shule akasimama kwa shida. Wahitimu waliomba uwanja uitwe kwa jina la marehemu, akasema, lakini bodi imekataa, kwa sababu ya lile neno kwenye faili. Watu wakaguna. Nyamizi akatazama viatu vyake, vilevile kama zamani.

Mama Mwalimu, mjane wake, akainuka na filimbi ya marehemu. "Marehemu aliniambia alikimbia tisa. Wa kumi haukuwa wake, aliuacha kwa makusudi. Ni wa aliyekosa kuliko wenzake. Mwenyewe ajitokeze, aseme alichofanya, akimbie, na filimbi ni yake."

Wale watatu wakasogea pembeni kidogo. Kapaya akasema, "Mimi nilileta mtu tu. Bila karatasi asingekimbia."

Nyamizi akasema, "Mimi niliandika tu. Msimamizi alikuwa na shaka, angemkataa."

Msabila akasema, "Mimi niliulizwa ghafla mbele ya watu. Nyinyi mlipata muda wa kufikiri."

Walipogeuka, walimwona Mama Mwalimu, mwanamke wa miaka sabini, ameinama anavua viatu vyake. Kimoja kimeshatoka. "Kama hauna mwenyewe," alisema, "nitaukimbia mimi."

Hapo ndipo Nyamizi alipoona aibu ambayo hajapata kuiona, na wote watatu wakaropoka kwa pamoja, mbele ya umati.

"Ni wangu, Mama!" alilia Kapaya. "Mimi ndiye niliyeleta uovu wenyewe. Wao waliukuta."

"Ni wangu!" alisema Msabila. "Niliulizwa uso kwa uso. Mimi ndiye mtu wa mwisho aliyeweza kuuzuia."

"Ni wangu, Mama," alisema Nyamizi, machozi yakimtiririka. "Nilikuwa kiranja, aliniamini. Na ni mwandiko wangu alioufunika kwa mkono wake, nami nikamwacha aufunike."

Mkuu wa shule amepigwa butwaa. Lile neno kwenye faili litafutwa, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini Mama Mwalimu bado amesimama pale, mguu mmoja peku, na filimbi mkononi ni moja. Msiniambie wakimbie wote na igawanywe, maana filimbi haigawanyiki.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mzunguko wa kumi ulikuwa wa nani? Na ukishamtaja, niambie jambo moja zaidi. Siku ile, shule nzima ilipokuwa mstarini ikimtazama Mwalimu akikimbia peke yake, wewe ungetoka mzunguko wa ngapi?