Nani Aliyeiharakisha Sauti ya Sekela?

Sikilizeni kesi hii, maana wenyewe imewashinda.

Katika redio ndogo ya jamii huko Rungwe, watu watatu walikuwa wakijitolea kama mafundi. Lusajo alikuwa na subira: angeweza kukaa na mipangilio ya programu ya kompyuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, akibadilisha namba moja baada ya nyingine. Gwamaka aliijua kompyuta kama mtu anavyolijua jiko lake. Na Bupe alikuwa na sikio. Mtu akikohoa chumba cha pili, Bupe alikwambia ni nani na mafua yake ni ya siku ngapi.

Siku hiyo akaja Sekela, mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha chai, amebeba hasira ya wiki tatu. Mwenzake Tumpe alikuwa amekatwa vidole vinne na mashine ya majani. Mashine ile ilikuwa na kifuniko cha kukinga mikono, lakini meneja aliamuru kiondolewe, ati kinachelewesha kazi. Sekela alikiona kikifunguliwa. Baadaye uongozi ukaandika kwamba Tumpe alikuwa mzembe, ukamfukuza kazi akiwa bado na bandeji mkononi.

Meneja alikubali kuhojiwa hewani kwa simu. Sekela angembana kutoka studio, jina lake likifichwa na sauti yake ikigeuzwa na programu ya kompyuta iwe nzito kama ya mwanamume. Alikuwa na watoto wawili, na bado alikuwa akifanya kazi palepale.

Mambo yaliharibika mara moja. Programu iliichukua sauti yake, ikaigeuza, ikaitoa imechelewa karibu sekunde nzima. Sekela alisema neno, na neno lilipomrudia masikioni kupitia hedifoni alikuwa keshafika kwenye la tatu. Ulimi ukamwia mzito. Meneja akauliza, "Hicho kifuniko kilitolewa lini?" Sekela akajibu papo hapo, lakini wasikilizaji walisikia kimya. Na ndani ya kimya kile meneja akacheka.

"Mnaona wenyewe. Anatafuta uongo wa kusema."

Mtangazaji akaweka muziki, akasema watarejea baada ya robo saa. Sekela akavua hedifoni, akazibwaga mezani.

"Mlinileta hapa nije kuchekwa?" akasema. "Tumpe hana vidole, na mimi mmenifanya bubu."

Lusajo alivuta kiti, akafungua mipangilio ya programu. "Inakusanya sauti nyingi kabla ya kuanza kuigeuza," alisema. "Inangoja ndoo ijae ndipo imwage. Tuipe kikombe." Akapunguza namba, akapunguza tena, akajaribu, akapunguza. Ucheleweshaji ukashuka sana. Lakini sauti ikaanza kukwaruza na kukatikakatika, kwa kuwa sasa kompyuta ilikuwa inakimbizwa kuliko pumzi zake. Maneno ya Sekela yalifika mapema, ila hayakueleweka.

Gwamaka alimsukuma Lusajo pembeni bila hata samahani. Akafunga kila programu iliyokuwa ikijiendesha kichinichini, kisha akaweka kiendeshi maalumu, yaani programu ndogo ya kuiongoza kadi ya sauti, ili sauti ya maikrofoni iingie moja kwa moja bila kuzungushwa kwenye mfumo mzima. "Ilikuwa inapiga hodi kwa majirani wote kabla ya kufika nyumbani," alinung'unika. Mikwaruzo ikakoma. Kwenye spika ya mezani, sauti nzito ilitoka safi na kwa wakati. Hata hivyo Sekela, kila alipofika katikati ya sentensi, alijikwaa kama mwanzo.

"Mnajaribu mashine tu," Sekela alisema. "Mimi bado nasikia mtu anayenifuata nyuma."

Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Bupe alizichukua zile hedifoni, akazivaa, akapiga kofi moja mbele ya maikrofoni. Akapiga la pili. "Hizi hazina waya," alisema. "Sauti inatoka kwa wakati, lakini inamrudia imechelewa." Akachukua hedifoni zake kuukuu zenye waya, akazichomeka kwenye kompyuta, akamvisha Sekela kwa mikono yake mwenyewe. "Sema, dada."

Sekela alisema, na akajisikia palepale.

Waliporudi hewani, meneja alianza na kejeli ileile. "Haya, umeshapata tarehe?"

"Jumanne, tarehe nane, saa nne asubuhi," Sekela alijibu kabla meneja hajavuta pumzi. "Daftari la matengenezo lina sahihi yako. Lisome hapa, watu wakusikie."

Safari hii aliyenyamaza alikuwa meneja. Kisha simu ikakatika.

Wakaguzi wa usalama kazini walifika kiwandani wiki ileile. Kifuniko kikarudishwa. Tumpe akarudishwa kazini, akapewa kazi nyepesi. Vidole havikurudi, na hasira ya Sekela haikwisha.

Basi redio ikapata nafasi moja ya ajira ya fundi wa sauti. Moja tu, na wale watatu wote walikuwa wamejitolea miaka miwili. Mkuu wa redio, Mama Kissa, akamwita Sekela mbele yao. "Wewe ndiwe uliyesaidiwa. Taja jina la atakayeajiriwa."

"Mimi ndiye niliyeuvunja ucheleweshaji," alisema Lusajo. "Wengine walikuta njia imekwisha kufunguliwa."

"Uliwapa watu mikwaruzo," Gwamaka akamkatiza. "Bila mimi wasingeambulia neno."

"Nyinyi mliitengeneza kompyuta," alisema Bupe. "Aliyekuwa anazungumza ni mtu."

Wakaanza kurushiana maneno. Sekela alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Miaka miwili mmewatumikisha hawa bure," alimwambia Mama Kissa, "halafu mnanipa mimi kisu niwachinje wawili. Kiwandani pia ndivyo tunavyofanyiwa."

Mama Kissa aliinamisha macho. "Fedha ya ajira ni ya mmoja, mwanangu. Usipotaja jina kufikia Ijumaa, nafasi itakwenda kwa mgeni."

Sekela alitoka bila kuaga. Leo ni Alhamisi, na kila akimpima mmoja anaona bila yeye asingesikika.

Nanyi mlionisikiliza, kama jina lingetakiwa kutoka kinywani mwenu, mngemtaja nani? Au mngenyamaza, mkawapoteza wote watatu?