Mbuzi Aliyekunywa Dawa ya Tajiri Kombo

Tajiri Kombo aliwahurumia wagonjwa mno, akawauzia chupa zilizoandikwa: "Hutibu kisukari, upara na wivu wa uke wenza." Kila serikali ilipomshtaki, wakili wake aliuliza, "Mna ushahidi gani kuwa si dawa?"

Siku moja mkaguzi wa dawa, Bi Mwanakheri, aliingia dukani na askari wawili, huku analia.

"Mbuzi wangu kainywa, kafa! Kumbe unauza sumu! Utanyongwa, Tajiri."

Tajiri akadakia. "Sumu gani, mama? Wallahi ni maji ya bomba, sukari na rangi! Wanangu hushushia maandazi!"

Bi Mwanakheri akafuta machozi. "Askari, mmesikia? Zoeni chupa zote. Na mbuzi wangu yule pale mlangoni, mwondoeni kwenye maboksi. Keshatafuna lebo za kutosha."