Kitabu Kilichongoja Kujaribiwa

Katika mji mdogo wa Ohio, Marekani, ukoo wa Wendling ulikuwa na kampuni ya kuchapisha vitabu. Aliyeianzisha ni Otto, mkulima aliyechoshwa na vitabu vya watu wasiojua wanalosema. Aliwahi kufuata kitabu kimoja cha ufugaji nyuki. Nyuki wakamhama wote, naye akabaki na mizinga mitupu na uso umevimba. Basi alipopata mashine yake ya kuchapia aliweka sharti moja: hakuna kitabu kitakachotoka humu kabla mtu wa nyumba hii hajafanya kile kinachosema.

Nao walilishika. Kitabu cha mapishi kilipoletwa, familia ilikila chote, vitamu na vibaya, mpaka ukurasa wa mwisho. Kitabu cha useremala kiliwajazia sebule viti vilivyopinda, na mwandishi akarudishiwa vipimo vyake avitazame upya. Wachapishaji wa mijini waliwacheka kwa kuchelewa kwao. Lakini akina mama wa vijijini walinunua kitabu cha Wendling bila hata kukifungua, kwa sababu walijua kuna mtu keshaungua vidole kwa niaba yao. Ilikuwa nyumba yenye furaha, na watu wake walinenepa.

Otto alifariki, mwanawe akaishika kazi, kisha ikawaangukia wajukuu: Harlan, mdogo wake Clement, na dada yao Hulda. Waliishi vizuri mpaka Clement alipougua akalazwa hospitali. Huku nyuma Harlan akaiuza ile mashine ya kwanza ya babu kama chuma chakavu, kwa kuwa ilijaza nafasi na haikuchapa tena. Clement aliporudi akakuta sakafu tupu, akamwita kaka yake mwizi mbele ya wafanyakazi. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Walikaa ofisi moja wamepeana migongo, na kila mmoja akiwa na neno kwa mwenzake alimtuma Hulda alipeleke. Mwishowe wakakubaliana, kwa kumtuma Hulda vilevile, kuigawa kampuni. Hulda alilia. Aliwapenda wote wawili, na hakuwa na nyumba nyingine wala kazi nyingine.

Wakati huo ukaletwa muswada wa mchungaji mmoja kuhusu kusameheana katika familia. Ulikuwa umeandikwa vizuri sana. Ndugu hao wawili waliusoma, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akapiga mstari chini ya maneno aliyoona yanamhusu mwenzake. Wakataka kitabu kichapwe mara moja, kiwe cha mwisho kabla ya kugawana. Kuhusu sharti la babu, Harlan alisema kwamba hiki si kitabu cha mikate; ni mawaidha, na mawaidha hayajaribiwi.

Hulda akauchukua muswada, akauweka juu ya kiti, akaukalia. Kisha akasema mbele ya wapanga herufi: "Mikate nimeiunguza mimi, nyuki walimuuma babu; hiki cha kusamehe nani amekijaribu?"

Wafanyakazi walitazama viatu vyao.

Sasa kitabu chenyewe kilikuwa na agizo gumu. Kilisema kwamba anayeona ameumizwa zaidi ndiye atangulie kwenda kwa mwenzake, aombe radhi kwa lile alilokosa yeye, na asiongeze neno "lakini". Na ndugu hawa kila mmoja alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba yeye ndiye aliyeumizwa zaidi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujificha. Waliinuka pamoja, kwa hasira zaidi kuliko kwa upendo. Harlan akaanza kuomba radhi, akafika kwenye "lakini", Hulda akakohoa, naye Harlan akakatiza hapo. Clement akaanza, naye akakwama palepale. Siku hiyo walishindwa, wakarudi kupeana migongo.

Wakajaribu tena siku nyingine, wakashindwa tena. Mashine zilisimama zikingoja, na wauza vitabu wakauliza kulikoni. Majira ya baridi yalikuwa yanaisha Harlan alipoweza kusema maneno yote mpaka mwisho: kwamba aliuza kitu kisichokuwa chake peke yake, wakati mwenziwe yuko kitandani anaumwa. Akaishia hapo. Clement alimtazama, akaona jinsi kaka yake alivyozeeka, na radhi yake mwenyewe, ya kumwita mwizi mbele ya watu, ikamtoka kwa urahisi ambao hakuutegemea. Mchana ule walikula meza moja, wakacheka kwa mambo ya kipuuzi, na mwanasheria wa kugawa kampuni akaambiwa asije. Hulda alikula sana siku hiyo, kwa kuwa hakuwa na ujumbe wa kupeleka.

Kisha, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba, walimpelekea mwandishi masahihisho yao. Pale aliposema kwamba kazi hii ni ya jioni moja, walimwambia si kweli; iliwachukua kutoka theluji ya kwanza hadi ya mwisho. Pale aliposema kwamba moyo hutangulia na mdomo hufuata, walimwambia kwamba kwao mdomo ndio uliotangulia, tena kwa kusukumwa. Mchungaji hakukasirika. Aliwaomba kitabu kingoje kidogo, akapanda treni kwenda kwa dada yake, ambaye hakuwa amemsalimu tangu siku waliyomzika baba yao.

Kitabu kilichelewa sana kutoka, na hakuna aliyejuta.

Nanyi mlioketi hapa, wazazi na walimu na wahubiri wenzangu: leo mtarudi nyumbani, mtawakuta watoto wamegombana, nanyi mtawaambia washikane mikono yaishe. Ni mlango wa nani ambao ninyi wenyewe mtaupita njiani bila kubisha hodi?