Mstari Mmoja na Mtamba wa Bi Fausta

Sogeeni karibu. Nikimaliza mtanidai jibu, nami nawaambia mapema kwamba sina. Nimetembea na hadithi hii miaka miwili na bado inanikosesha raha.

Walikuwapo watu watatu ambao hawajawahi kuonana.

Wa kwanza ni Leokadia, mwalimu wa hesabu huko Njombe. Kipaji chake kilikuwa kutunga programu za kompyuta. Alitunga moja akaiita Kihenge, kazi yake kupokea maandishi na kuyahifadhi kwenye diski, kisha akaiweka wazi mtandaoni: yeyote aichukue, aone ilivyotungwa, airekebishe, asilipe kitu. Juu kabisa aliandika: "Nimekupa bure. Ikikuharibikia, usinidai." Wagawaji wa programu za namna hii huandika hivyo, ni desturi yao.

Wa pili ni Habibu, fundi wa redio wa Tanga. Kipaji chake kilikuwa kupima. Kila Leokadia alipotunga toleo jipya, Habibu alilijaribu kwanza kwenye kompyuta yake, akalipima kasi na kulitafutia makosa, naye bila malipo. Mtu wa kuhesabu hata mara anazotafuna tonge. Mkewe alishamchoka kwa hilo.

Wa tatu ni Ladislaus, msimamizi wa kituo cha mto kijijini Lukweta. Kipaji chake kilikuwa uangalifu. Kituoni kwake mlikuwa na kompyuta moja kuukuu. Vipimo kumi na sita vilivyosimikwa mtoni kule juu vilituma urefu wa maji kila baada ya sekunde chache, Kihenge ikaandika kila namba, na maji yakivuka alama, onyo likaenda kwenye simu za kijiji kizima. Watu nao wakizingirwa na maji, walituma kituoni majina yao na mahali walipo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kihenge ya zamani ilikuwa na kasi kwa sababu ilikuwa na uvivu. Ilishika maandishi kichwani tu, ikayaweka kwenye diski kwa mkupuo mmoja kila saa. Umeme ukikatika katikati, ya saa nzima yamepotea. Parokia moja ilipoteza hivyo majina ya ubatizo, na padri akamwandikia Leokadia barua ya uchungu. Leokadia akaongeza mstari mmoja: kila neno liwekwe kwanza kwenye diski, ndipo lipokelewe jingine.

Habibu akaupima mstari ule. Aligundua una kosa, kwamba majina ya mwisho yangepotea vilevile. Akaurudisha, ukarekebishwa. Akapima na kasi. "Imepungua kwa kupepesa jicho tu," aliandika. "Itoe, watu waitumie." Hakusema uongo, ila diski yake ilikuwa mpya ya kisasa. Hakuwaza kwamba kuna mahali bado wanatumia zile za zamani zinazozunguka na kukoroma.

Ladislaus alikuwa anatumia hiyohiyo inayokoroma. Alisoma kwamba toleo jipya linalinda maandishi, akaliweka wiki moja kabla ya mvua kubwa. Siku ya pili tu akaona kompyuta inaburuta miguu.

"Si uwaandikie wenyewe?" mkewe alimwambia.

"Niwaandikie nini, mke wangu? Mtu kanipa bure, mimi nimwambie kitu chake kinachelewa? Ni kukosa adabu."

Wewe unayecheka huko nyuma, ulipopewa shati na shemeji yako, ulirudi kulalamikia vifungo?

Jumapili maji yakaja. Namba zikamiminika kutoka mtoni, na kompyuta ikazipokea moja moja, moja moja, huku foleni inarefuka. Saa sita mchana ilikuwa bado inasoma namba za saa tano na dakika ishirini. Onyo likatoka limechelewa dakika arobaini.

Mzee Ponsiano, mume wa Bi Fausta, alikuwa shambani juu ya dungu, anafukuza ndege wa mpunga. Kutoka pale hadi kilimani ni mwendo wa nusu saa. Onyo lilipofika, maji yalikwisha kuzunguka nguzo za dungu. Alimpigia mkewe.

"Fausta, wanasema tupande kilimani. Nipitie wapi sasa?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. 

Binti yao Severina, mwenye mtoto mchanga, alikuwa amepanda juu ya paa la shule. Wakati huo vipimo vya mtoni vilikwisha kuchukuliwa na maji na foleni imekwisha, kwa hiyo jina alilotuma liliandikwa papo hapo. Dakika haikutimia, umeme ukakatika na mtandao wa simu ukaenda nao. Ladislaus akajitosa kwenye maji ya kifuani, akaichomoa diski, akaibeba juu ya kichwa hadi penye watu wenye kompyuta nzima. Wakasoma: "Severina na mtoto, paa la shule." Na majina mengine ishirini na mawili. Mitumbwi ikaenda moja kwa moja, ikawarudisha wote wakiwa hai. Kwa Kihenge ya zamani, orodha ile ingekuwa tupu.

Mafuriko yalimwachia Bi Fausta ng'ombe mmoja tu, mtamba ambaye hajazaa. Akaweka nadhiri kwamba atampa aliyemrudishia Severina. Siku ya arobaini akawaita wote watatu.

"Mstari ni wangu," alisema Leokadia.

"Bila mimi mstari ule ungekuwa na kosa, na jina la Severina lilikuwa la mwisho," alisema Habibu.

"Na nani aliyeuweka kituoni, akaitoa diski majini?" alisema Ladislaus.

Bi Fausta aliwasikiliza, kamba ya mtamba mkononi. Kisha akauliza kwa upole, "Na zile dakika arobaini za mume wangu zilikwenda wapi?"

Leokadia akaomba ile diski, akakaa nayo mkekani na kompyuta, akalinganisha saa ya kila namba ilipotoka mtoni na saa ilipoandikwa. 

"Ni mstari uleule, mama."

"Upi?"

"Uliomrudisha Severina. Ndio uliochelewesha onyo." Akashindwa kumtazama. "Sikujua kama Kihenge inalinda mto. Nilijua inatunza majina ya ubatizo."

Msibani pale hata waliokuwa jikoni waliacha walichoshika. Na wale watatu, waliokuwa wakimvutia mtamba kila mmoja kwake, sasa kila mmoja akaanza kumsukumia mwenzake.

"Mpe Habibu," alisema Leokadia. "Mimi niliandika juu kabisa, usinidai."

"Uliandika usidaiwe, mwalimu," alisema Bi Fausta. "Lakini mtamba wewe umekuja kumdai."

"Mpe Ladislaus," alisema Habibu. "Mimi nilipima kwangu. Yeye aliona kwake akanyamaza."

"Mpe mwalimu," alisema Ladislaus, machozi yanamtoka. "Mimi nilikuwa napokea tu, mama."

Bi Fausta akanyoosha mkono wenye kamba. "Nadhiri ni nadhiri, lazima nimtoe. Ila atakayemchukua mtamba huyu, anamchukua na Ponsiano."

Hakuna aliyesogea. Nyuma yake Severina alikuwa ananyonyesha, ameinamisha kichwa.

Mimi nimefika mwisho wangu. Mstari bado umo ndani ya Kihenge, na mvua hazijaacha kunyesha duniani. Mkono wa Bi Fausta umenyooka, unachoka. Haya, ninyi mliokaa kimya: kamba mnampa nani? Na huyo utakayemtaja, utaweza kumtaja huku unamtazama mama huyu machoni?