Kwa Nini Swichi Hufunga Tundu Moja

Zamani, swichi hawakujua kukataa. Swichi ni kile kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta za jengo zima, na enzi hizo mila yao ilikuwa moja tu: wito wa kuwaita wote ukiingia kwa tundu hili, uutoe kwa matundu mengine yote, bila kuuliza kama ulishausikia. Aliyenyamaza alihesabiwa amekufa. Alichomolewa akatupwa stoo, na hakuna aliyemlilia.

Katika hospitali moja ya milimani waliishi swichi watatu. Mkubwa wao alikaa mapokezi, akaitwa Mapokezi. Wa pili, Maabara, alikaa kwenye maabara ng'ambo ya bonde. Wa mwisho, mdogo mwenye kichwa kigumu, alikaa wodi ya wazazi, naye akaitwa Wazazi. Waya mmoja ulitoka kwa Mapokezi hadi kwa Maabara, mwingine hadi kwa Wazazi, na mambo yalikwenda vizuri tu.

Asubuhi moja fundi Ngonyani akavuta waya wa tatu, kutoka kwa Maabara hadi kwa Wazazi. "Njia moja ikikatika, ya pili ipo," alisema, akajipangusa vumbi kwa raha zake. Jamani, nia yake ilikuwa njema! Ila alikuwa amefunga duara.

Printa ya mapokezi ikaita, "Nani mwenye anwani hii?" Mapokezi akautuma wito kwa wadogo zake wote wawili. Maabara akampa Wazazi, Wazazi akampa Maabara, kila mmoja akamrudishia mkubwa wao, naye kwa kuheshimu mila akautuma upya. Ukazunguka, ukazaana, hadi nyaya zote zikajaa makelele. Taa zikawa zinapepesa kama zimepagawa. Kompyuta ziliganda, simu za mezani zikawa bubu.

Saa hiyo hiyo, wodini, mwanamke mmoja aitwaye Sikujua alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Damu ya kumwongezea ilikuwemo kwenye friji, lakini kundi la damu yake mwenyewe halikujulikana wodini. Majibu yalikwisha kutumwa kutoka maabara, yakakwama kwenye makelele ya printa.

"Majibu yako wapi?" nesi Zawena alipiga meza. "Nikimbie hadi ng'ambo ya bonde? Nitamkuta maiti huyu!"

Wazazi aliyasikia hayo, na hasira zikampanda.

"Kaka Mapokezi, mimi sirushi tena."

"Umerogwa? Mila ni mila!"

"Mila gani ya kuua watu? Tangu asubuhi tunarudishiana maneno ya printa! Wewe ndiye mkubwa, haya, njia zihesabiwe kutoka kwako. Mimi nakufikia moja kwa moja, na Maabara vivyo hivyo. Huu waya wa tatu naufungia tundu langu."

"Utatupwa stoo, dada," Maabara alimwonya.

"Nitupwe!"

Akafunga. Taa ya tundu lile ikageuka rangi ya chungwa. Wito ukafika pale, ukakosa pa kupita, ukafa.

Fundi Ngonyani akaja mbio, akaiona ile taa. "Tundu limekufa hili," akasema, akachomoa waya, akauchomeka tena kwa nguvu. Wazazi alijua kinachofuata ni stoo. Hakufungua. Fundi akachomoa tena, akachomeka tena. Hakufungua!

Ndipo majibu yakatokea mezani kwa Zawena, yamepitia kwa Mapokezi: kundi B. Nesi hakusubiri mtu. Alichukua chupa ya damu mwenyewe, na kabla ya adhuhuri Sikujua alikuwa anaomba uji. Fundi naye, kuona kompyuta zimezinduka, akaliacha lile tundu.

Mapokezi akamuuliza Wazazi, "Na waya wangu ukikatika je?"

"Nafungua papo hapo," Wazazi akamjibu. "Nimefunga mdomo, sikuziba masikio."

Na tangu siku hiyo, swichi wakijikuta kwenye duara humtaja kwanza mkubwa wao, huhesabu njia kutoka kwake, na mmoja wao hufunga tundu moja akabaki anasikiliza. Mafundi wapya wakiiona taa ya chungwa kati ya zile za kijani, hudhani pameharibika, mkono huo, wanachokoa. Mwacheni! Hajafa huyo. Amekataa.