Kigumba Butu cha Kimanzi

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili, Musyimi na mdogo wake Kimanzi. Alipokufa hakuwaachia mifugo ya kutajika. Aliwaachia kila mmoja upinde, na maboma mawili yaliyotazamana kando ya mto wa mchanga. Mnaijua mito ya namna hiyo. Karibu mwaka mzima ni njia pana ya mchanga mtupu, na wanawake huchimba mashimo katikati yake ili wapate maji ya kunywa.

Watu wa huko walikuwa na desturi. Baada ya mavuno, alasiri, wanaume walikusanyika penye kichuguu cha zamani, wakaegemeza kipande cha kibuyu juu yake, wakakipiga mishale kwa kujifurahisha. Vigumba vya kweli, yaani vile vyuma vyenye makali na miiba vinavyokaa mbele ya mshale, havikutumika hapo. Vilibaki ndani ya podo, ule mfuko wa mishale, vikingojea siku ya kazi. Mazoezini kila mtu alichagua ncha aliyoipenda mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini.

Musyimi alichagua mti mkavu, mwepesi, akauchonga ukawa mwembamba. Mishale yake iliruka vizuri ajabu. Alipasua kibuyu kwa hatua sitini, na watu wakamshangilia. Mkewe Kalondu, akipita na punda wake kutoka mtoni, alimpigia vigelegele, na Musyimi akatembea kifua mbele mpaka nyumbani. Simlaumu. Nani kati yetu hapendi kushangiliwa na mkewe mbele za watu?

Kimanzi yeye alikwenda kwa mhunzi aliyeitwa Ndeto. Alimwomba amfulie vipande vya chuma visivyo na makali, butu kama kidole gumba, lakini kila kimoja kiwe kizito sawa na kigumba cha kweli, hata kizidi kidogo. Ndeto alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Alimwambia kwamba hajawahi kumwona mtu anayejitafutia tabu kwenye mchezo. Kisha akavifua, vinne.

Msimu wa kwanza mishale ya Kimanzi haikufika kichuguuni. Iliangukia njiani ikachimba vumbi. Watu wakasema Kimanzi analima, na jina likamganda: Mkulima. Walimuuliza amepanda nini, na atavuna lini. Musyimi ndiye aliyecheka kuliko wote. Kimanzi aliumia, tusidanganyane. Siku moja alivitia vile vyuma mfukoni akaenda navyo mtoni, akasimama juu ya shimo la maji, akataka kuvitupa vyote. Kisha akavirudisha mfukoni, akaenda navyo nyumbani.

Msimu wa pili alijifunza kuuinua upinde kuliko macho yalivyomtuma, na kuvuta uzi mpaka sikioni, na kuachia bila woga. Msimu wa tatu alipiga kibuyu. Akakipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Lakini kufikia hapo alikuwa amewekwa mwisho wa mstari, na zamu yake ilipofika watu walikuwa wameshaanza kukung'uta nguo na kwenda zao. Kimanzi aliokota mishale yake akiwa peke yake.

Mwaka wa nne, siku ya jua kali, Kalondu alikuwa mtoni akichota maji pamoja na wanawake wenzake. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, wala hapo hapakuwa na wingu hata moja. Maji yalikuja ghafla, mekundu, yakibiringisha magogo. Wanawake walikimbilia ukingoni. Kalondu alichelewa kwa sababu alikuwa akimfungua punda. Punda akaokoka. Yeye akawahi tu kupanda mwamba uliokuwa katikati ya mto, hatua hamsini kutoka ukingoni, na maji yakamfika vifundoni, yakiendelea kupanda.

Kelele zikaleta kijiji kizima, Musyimi na upinde wake kati yao, lakini hakuna aliyeweza kuogelea katika maji yale. Ndipo bibi mmoja, Mbithe, aliyekuwa akisuka kiondo, akatoa donge lake lote la uzi wa katani. Akasema uzi ufungwe kwenye mshale, mshale umfikie Kalondu, na uzi uvute kamba ya ng'ombe nyuma yake. Watu wote wakamgeukia Musyimi. Yeye ndiye mlenga shabaha wa kijiji, na mke ni wake.

Musyimi alipiga kwanza mshale wake mwepesi, ule wa kila siku. Uzi uliuvuta nyuma, mshale ukaanguka kabla haujafika hata robo ya njia. Maji yakamfika Kalondu magotini. Musyimi akatoa mshale wenye kigumba cha kweli kwenye podo, akaufunga uzi. Alikuwa amekibeba chuma kile miaka mingi bila kukipiga hata mara moja. Hakujua kinakwenda vipi. Tena mbele yake alisimama mkewe, na kile kilikuwa kimefuliwa ili kuua. Akaogopa kuvuta kwa nguvu. Alivuta nusu, na mshale ukaishia katikati ya maji. Kalondu sasa alikuwa amezama mpaka kiunoni, amekumbatia mwamba, na Musyimi alilia mbele ya kijiji kizima bila kuficha uso.

Kimanzi alikuwa amefika na upinde wake. Alifunga uzi kwenye mshale wenye kile chuma butu, akamgusa nduguye begani.

"Kaka, nipishe. Uzito huu naujua."

Akainua upinde kuliko macho yalivyomtuma. Akavuta mpaka sikioni, kwa nguvu zote, maana chuma chake hakikuwa na makali ya kumdhuru shemeji yake. Akaachia. Mshale ulipanda, ukiuburuta uzi juu ya maji mekundu, ukapita juu ya kichwa cha Kalondu, na uzi ukamlalia begani. Kalondu aliukamata kwa meno kwanza, kisha kwa mkono. Akavuta uzi, uzi ukaleta kamba, kamba akaizungusha kifuani akaifunga. Wanaume ishirini wakashika upande wa pili. Maji yalimfunika mara mbili, na mara mbili akatokea. Kisha miguu yake ikagusa mchanga.

Laiti mngesikia kelele za siku ile! Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Musyimi alimkumbatia mkewe, kisha akamnyanyua mdogo wake juu ya mabega, mtu mzima na ndevu zake, akazunguka naye ukingoni akipaza sauti, "Mkulima! Mkulima!" Na kijiji kizima kikaitikia jina lile lile, na Kimanzi huko juu akacheka na kulia kwa pamoja. Asubuhi iliyofuata mhunzi Ndeto alikuta watu wamejipanga mlangoni pake, na wa kwanza katika mstari alikuwa Musyimi.

Ndugu zangu, kichuguu ni hizi siku zetu za kawaida, ambapo tukisema kweli au tukidanganya, tukisamehe au tukinuna, hakuna anayekufa. Mto ni ile siku moja. Mimi ninayewaambia haya nimependa mishale myepesi, na nimependa kushangiliwa, kwa hiyo nauliza nikianza na nafsi yangu: leo, kungali kukavu na watu wanacheka, umefunga nini mbele ya mshale wako?