Ndege Irudi Kama Ilivyotoka

Fundi Kibibi alikodi kwa tajiri Shebwana ndege kuukuu ya safari ndefu, akaweka rehani karakana yake. Siku ya kuirudisha, tajiri alichungulia ndani akanuna.

"Viti vipya hivi sivijui. Tulipatana irudi kama ilivyotoka kwangu. Karakana naichukua."

"Nipe wiki, tajiri, nirudishe vitu vyako vya zamani."

"Vyote, bibie. Hata msumari."

"Basi niandikie."

Akaandika huku akicheka.

Wiki ilipoisha, tajiri alikuja na mnunuzi wa ndege. Viti vilivyochanika vilikuwa mahali pake. Bawa moja lilikuwa na injini mbovu, jingine kiota cha kunguru.

"Kibibi, injini nzima ziko wapi?"

"Zile nilinunua mimi, tajiri. Yako ni hiyo mbovu, na kunguru nimemrudisha na mayai yake. Sasa naomba hati ya karakana."